Usifunge Mizigo Kabla ya Hukumu: Nyumba Baada ya Talaka, kwa Watu wa Tabora na Njia ya Zamani ya Misafara

Mara nyingi huwa hivi. Wazee wamekaa, maneno yamekwisha, karatasi ya talaka imeandikwa, na jioni ileile shemeji anafika na mkokoteni. Godoro linakunjwa, sufuria zinafungwa ndani ya shuka, watoto wamesimama chini ya mwembe wanatazama. Mama anapanda basi kurudi kwao Nzega au Sikonge. Baada ya miaka mitatu anakuja mjini kuuliza: ile nyumba ya Isevya tuliyojenga pamoja, nina changu pale? Anacho. Ila katika miaka hiyo nyumba imeshauzwa mara mbili, fundi aliyepandisha ukuta amehamia Kahama, na risiti za bati zimeliwa na mchwa.

Nauandika mwongozo huu kwa ajili ya jioni ile ya mkokoteni. Ni kwa mke au mume yeyote aliyeko Tabora mjini, Urambo, Kaliua, Uyui, Igunga au kando ya reli kuelekea Kigoma, ambaye ndoa yake imefika mwisho na hajui atalala wapi. Nikikwambia neno moja tu ulishike, ni hili: talaka huvunja ndoa, haigawi nyumba. Nyumba hugawanywa na mahakama, na mpaka mahakama iseme, si shemeji, si mzee wa ukoo, si mwenyekiti wa mtaa mwenye mamlaka ya kukutolea mizigo nje.

Aliyesafiri na aliyebaki

Mji wetu ulikua kwa safari. Misafara iliyotoka Bagamoyo ilipita Mpwapwa na Ugogo, ikatua Unyanyembe, kisha ikaendelea Uvinza mpaka Ujiji. Wasafiri wa Kiingereza Burton na Speke walipofika Kazeh, ndiyo Tabora ya leo, mwaka 1857 walikuta kituo cha watu wanaokuja na kuondoka. Wanyamwezi kwa maelfu walijitwika pembe za ndovu na majora ya nguo, wakaacha nyumba na mashamba mikononi mwa wake zao kwa miezi mingi. Hata wafanyabiashara wageni walipata kutulia kwa njia ya ndoa: baba yake Tippu Tip alimuoa Karunde, wa ukoo wa mtemi Fundikira, na ndoa ile ilimpa makazi na heshima katika nchi ya watu.

Reli ilipofika mwaka 1912 safari haikukoma, ilibadilika tu. Wanaume walikwenda kwenye mashamba ya mkonge; leo wanakwenda machimboni Kahama na Geita, au Dar es Salaam. Anayesafiri hutuma pesa. Anayebaki humtafuta fundi, huteka maji ya kujengea, hupikia vibarua, husimama juani kuhesabu tofali zinaposhushwa. Nyumba ikisimama, hati huandikwa jina la msafiri. Ndoa ikivunjika, msafiri husema: nyumba yangu, jasho langu. Ugomvi mwingi wa nyumba mkoani kwetu una sura hii hii, nami nimeona heri niuanzie hapa, kwa sababu sheria imeshajibu hoja hiyo muda mrefu uliopita na watu wengi hawajui.

Jibu lilitolewa na Mahakama ya Rufani ya Tanzania mwaka 1983, katika kesi ya Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu. Swali lilikuwa kama kazi za nyumbani, yaani kupika, kulea, kufua na kutunza nyumba, ni mchango katika kupatikana kwa mali ya ndoa. Mahakama, chini ya Jaji Mkuu Francis Nyalali, ikasema ndiyo. Tangu siku hiyo, mke asiye na mshahara hawezi kuambiwa na hakimu kwamba hakuchangia kitu kwa kuwa hakuleta noti mezani.

Wanaoitaja kesi hii kwa furaha husahau mwisho wake. Bi Hawa mwenyewe hakupata fungu. Mahakama iliona kwamba mumewe alikuwa amempa pesa za kuanzishia biashara ya familia, naye akazitapanya. Mchango wake ukahesabiwa umeliwa humo. Kwa hiyo unapojiandaa, kumbuka kwamba mahakama hupima pande zote mbili: ulichojenga na ulichobomoa. Mume aliyeuza ng'ombe akanywea pombe atapimwa kwa kipimo hichohicho.

Ufa kati ya talaka na mgawanyo

Sheria inayotawala ni Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, Sura ya 29. Ni moja kwa ndoa zote za Tanzania Bara: ya msikitini, ya kanisani, ya bomani na ya kimila. Vifungu vitatu vinakuhusu zaidi ya vingine.

Kifungu cha 59 kinalinda nyumba mnayoishi kama mume na mke. Ndoa ikiwa hai, mwenye jina kwenye hati haruhusiwi kuiuza, kuiweka rehani, kuipangisha au kuigawa bila ridhaa ya mwenzake. Akiiuza kwa siri, mwenzake ana haki ya kuendelea kukaa humo mpaka ndoa ivunjwe au mahakama iamue vinginevyo, isipokuwa kama mnunuzi hakujua wala hakuwa na njia ya kujua. Na aliyetelekezwa hafukuzwi na yule aliyemtelekeza.

Kifungu cha 60 kinasema mali iliyopatikana ndani ya ndoa kwa jina la mmoja hudhaniwa kuwa yake, na iliyo kwa majina ya wote wawili hudhaniwa kuwa ya wote kwa usawa. Zingatia neno hudhaniwa. Dhana huondolewa kwa ushahidi. Anayekuonyesha hati yenye jina lake peke yake hajashinda kesi. Ameanza tu kusema.

Kifungu cha 114 ndicho kinachoipa mahakama uwezo wa kugawa mali iliyopatikana kwa juhudi za pamoja. Hakimu huangalia mila za jamii yenu, mchango wa kila mmoja kwa pesa, mali au kazi, madeni mliyoingia kwa faida ya familia, na mahitaji ya watoto wadogo. Kisha huelekea kwenye usawa kadiri hayo yanavyoruhusu. Hakuna sheria ya nusu kwa nusu, ingawa mitaani inasemwa hivyo kila siku. Vilevile nyumba ambayo mwenzako alikuwa nayo kabla ya kukuoa inaweza kuingia katika hesabu, iwapo wakati wa ndoa uliiendeleza kwa kiasi kikubwa: mliikuta ya udongo na nyasi, leo ina tofali za kuchoma, bati na sakafu ya saruji.

Sasa usome sehemu hii mara mbili. Kifungu cha 59 kinakulinda ukiwa bado mwanandoa. Siku ndoa inapovunjwa, kinga ile inaisha, na mgawanyo wa kifungu cha 114 unaweza kuwa bado haujafanyika. Hapo katikati pana ufa, na humo ndimo watu wanamotumbukia. Mwenye jina kwenye hati anasema, wewe si mke wangu tena, toka. Dawa yake ni kutokwenda mahakamani kuomba talaka tupu. Katika maombi yaleyale omba mambo matatu: ndoa ivunjwe, mali ya ndoa igawanywe, ukiitaja kila mali na mahali ilipo, na uendelee kukaa katika nyumba, wewe na watoto, mpaka mgawanyo utekelezwe. Kama kuna dalili za kuuzwa, omba pia zuio la muda.

Na kama talaka ilishatoka zamani na hukuomba mgawanyo? Kifungu cha 114 kinaruhusu mgawanyo wakati wa kutoa talaka au baada yake. Nenda. Usingoje mwaka mwingine upite.

Ndugu zangu Waislamu wananiuliza sana kuhusu eda, ule muda wa kungoja baada ya talaka. Mume akishatoa talaka, wengi humwambia mke arudi kwao usiku uleule. Dini yenyewe haisemi hivyo: Sura ya 65 ya Qurani, Sura ya Talaka, inakataza kuwatoa wanawake katika nyumba zao wakati wa eda, nayo ni twahara tatu, au mpaka kujifungua kwa mwenye mimba. Kwa hiyo mume mcha Mungu hamtoi. Lakini eda ikiisha haina maana haki yako katika nyumba imeisha. Karatasi ya talaka, hata ikiwa na muhuri wa BAKWATA, haina uwezo wa kugawa nyumba wala wa kuipa upande mmoja. Bado ni lazima kupita barazani na mahakamani.

Kwa Wakatoliki wanaosema kanisa letu halina talaka kwa hiyo hatuna la kufanya: sheria inaruhusu pia kuomba amri ya kutengana. Ndoa inabaki, kila mmoja anaishi kivyake, na mahakama inaweza kugawa mali kwa kifungu kilekile cha 114. Nimeona watu wakiteseka miaka kumi chini ya paa moja kwa kutolijua jambo hili.

Bahasha ya kaki

Kabla ya kwenda popote, kaa chini utafute karatasi. Tandika mkeka, mwaga kila kilichomo kwenye begi, sanduku na droo. Cheti cha ndoa. Hati, ofa, au ile barua ya mauziano ya kiwanja iliyoandikwa kwa mkono na kusainiwa mbele ya mwenyekiti wa mtaa. Soma tarehe yake, kwa sababu tarehe ndiyo inayoonyesha kama mlikuwa mmeshaoana. Risiti za saruji, nondo, mbao za kenchi na bati. Daftari la vikoba, kama ulikopa ili kumalizia lipu. Bili za maji na majina yaliyomo. Miamala ya simu ya pesa alizokutumia na ulizomlipa fundi, kwani mtandao wa simu ukiombwa hutoa taarifa ya miamala ya laini yako. Picha za msingi, hasa zile ambazo wewe umesimama pembeni na ndoo.

Piga nakala ya kila kitu, nyingine mpe mtu unayemwamini nje ya nyumba. Karatasi nyingi za aina hii hupotea wiki ileile ugomvi unapoanza.

Wasio na risiti wasikate tamaa. Wengi wetu tumejenga kidogokidogo, tofali tumefyatua na kuchoma wenyewe. Andika majina ya watu walioona: fundi, jirani, balozi wa nyumba kumi, aliyeleta mchanga, aliyewauzia kiwanja. Shahidi anayesema "huyu mama ndiye aliyekuwa akinilipa kila Jumamosi, na siku ya kumwaga zege alipika mwenyewe" ana uzito kuliko maneno yako kumi ya "tulijenga pamoja". Hapa ndipo kesi hushindwa zaidi ya mahali pengine popote. Mtu anasimama mbele ya hakimu akasema nilichangia, akaketi. Ulichangia nini, lini, kwa njia gani? Jibu hayo nyumbani kwanza, kwa maandishi.

Barazani, kisha mahakamani

Huwezi kuruka Baraza la Usuluhishi la Ndoa. Kifungu cha 101 kinataka mgogoro upelekwe barazani kabla ya maombi ya talaka. Baraza lipo kwenye kata, na yapo pia ya jumuiya za dini yaliyotambuliwa. Ukiishi Kanyenye, Ipuli au Chemchem, anzia ofisi ya kata yako. Baraza likishindwa kuwapatanisha litatoa hati kwa Fomu Namba 3. Itazame kabla hujaondoka: majina yenu yote mawili, tarehe, sahihi, muhuri, na maneno yanayosema baraza limeshindwa kuwasuluhisha. Barua ya mwenyekiti isemayo "wameelewana waachane" si hati hiyo, na kesi nyingi zimefutwa zikiwa zimeshafika mbali, hata kwenye rufani, kwa kasoro ya namna hii. Tena hati ina umri: iwe ya ndani ya miezi 6 kabla ya kufungua maombi.

Baraza halina kazi ya kugawa mali. Wazee wakianza kusema wewe chukua kitanda na masufuria, yeye abaki na nyumba, wasikilize kwa adabu lakini usisaini.

Zipo hali ambazo sheria haikulazimishi kupita barazani: mwenzako amekutelekeza na hujui aliko, yuko nje ya nchi na hatarajiwi kurudi ndani ya miezi 6, ameitwa akakataa kuja kwa makusudi, au kuna mazingira yasiyo ya kawaida yanayofanya usuluhishi usiwezekane. Mke anayepigwa aieleze mahakama hali hiyo ya mwisho.

Maombi ya ndoa yanafunguliwa Mahakama ya Mwanzo, na kwa watu wengi hapo panatosha: lugha ni Kiswahili, gharama ni ndogo, na pako karibu. Mahakama ya Wilaya, ya Hakimu Mkazi na Mahakama Kuu nazo zina mamlaka hayo. Usidanganyike ukapeleka mgawanyo wa mali ya ndoa kwenye Baraza la Ardhi na Nyumba. Huko ni kwa migogoro ya ardhi, nawe utapoteza miezi bure. Usipokuwa na uwezo wa wakili, tafuta wasaidizi wa kisheria wa wilaya yako, ambao kazi yao inatambuliwa na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017, au ulizia ofisi ya ustawi wa jamii katika halmashauri. Msaada wao ni bure. Anayekudai pesa kwa jina la msaada wa kisheria si msaidizi.

Ukiwa unasubiri, funga milango ya kuuzwa. Nyumba yenye hati, nenda ofisi ya ardhi uombe kuweka zuio kwenye rejesta. Isiyo na hati, mwandikie mwenyekiti wa mtaa barua, yeye ndiye anayeshuhudia mauziano. Eleza kwamba nyumba ni ya ndoa, kesi iko mahakamani, na baki na nakala aliyogonga muhuri wa kupokea. Mnunuzi akishajulishwa hawezi tena kudai kwamba hakujua. Benki nazo haziwezi kuchukua nyumba ya ndoa kuwa rehani bila ridhaa ya mwanandoa mwingine. Kutoa taarifa ya uongo kwamba huna mke au mume ni kosa.

Hatari ya kipigo ni jambo jingine kabisa, nami nataka nieleweke. Sikwambii ubaki nyumbani ufie humo. Ondoka na watoto, nenda Dawati la Jinsia na Watoto kituo cha polisi, chukua PF3, tibiwa, andikisha. Kutoka kwa kunusuru roho hakukupotezei haki katika nyumba. Andika tarehe uliyotoka na sababu, na umwarifu mwenyekiti wa mtaa, ili kesho asije mtu akasema ulihama kwa hiari yako.

Nyumba moja, watu wawili

Hakimu akiamua, nyumba inaweza kwenda kwa njia tatu: iuzwe mgawane, mmoja abaki amlipe mwenzake thamani ya fungu lake, au igawanywe yenyewe.

Njia ya tatu inapendwa mjini kwetu kwa sababu ya umbo la nyumba zetu. Nyumba ya Ng'ambo au Gongoni ina ujia katikati, vyumba vitatu kushoto, vitatu kulia, ua nyuma. Watu husema rahisi: yeye kushoto, mimi kulia, wapangaji tugawane. Fikiria kwanza ua. Choo ni kimoja. Bomba ni moja, na bili inakuja kwa jina moja. Luku ni moja, na usiku umeme ukikatika nani anunue? Mume analeta mke mpya, anatwanga uani huku wewe unaosha vyombo hatua tano kutoka kwake. Mpangaji wa chumba cha tatu analipa kodi kwa yeyote atakayemkuta mlangoni kwanza. Kwa maoni yangu, igaweni nyumba kwa ukuta pale tu ambapo kila upande unaweza kupata mlango wake wa nje, choo chake na mita yake, na ambapo hakuna historia ya kupigana. Vinginevyo mmoja amlipe mwenzake mkaachane.

Kulipana kunahitaji bei ya kweli. Omba mthamini, si dalali wa kijiweni wala bei aliyoitaja kaka yake. Na hukumu iseme kiasi, tarehe ya mwisho ya kulipa, na nini kitatokea isipolipwa, kwa mfano nyumba kuuzwa. Iliyosema tu "mlalamikiwa amlipe mlalamikaji asilimia 40" bila thamani wala tarehe inakuachia kesi nyingine.

Huku mkisubiri malipo, ni halali kabisa kuomba mzazi anayeishi na watoto abaki ndani. Ila tusichanganye: watoto si wamiliki. Kauli ya "nyumba iwe ya watoto" hutumiwa na pande zote, mara nyingi na yule anayetaka kubaki nayo. Mahitaji ya watoto huzingatiwa katika mgawanyo, na matunzo yao ni wajibu unaojitegemea chini ya Sheria ya Ndoa na Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009.

Kiwanja cha wakwe, nyumba ya kazi, na wengine

Mmejenga kwenye kiwanja cha baba mkwe? Hii ni ngumu, na ni ya kawaida mno. Ardhi si ya mwenzako, kwa hiyo mahakama haiwezi kuigawa. Unachodai ni fungu lako katika thamani ya jengo mlilolijenga, na mzee akikana kwamba aliwapa kiwanja, ushahidi wake utasikilizwa. Ndoa ikiwa bado tamu, mwombeni mzee aandike karatasi. Wakati wa ugomvi hataandika.

Nyumba ya shirika, ya reli, ya shule au ya hospitali inakwenda na ajira. Hapo huna haki ya kukaa baada ya mwenzako kuondoka. Elekeza nguvu kwenye vitu vya ndani, akiba na kiwanja mlichonunua kwingine. Nyumba ya kupanga, ongea na mwenye nyumba mapema mkataba uandikwe jina lako.

Wake wawili: kila nyumba ina historia yake. Mke wa kwanza aonyeshe kilichopatikana kabla ya mwenzake kuja, na kila mmoja aonyeshe alichokifanyia kazi. Kumtaliki mmoja hakuipi mahakama ruhusa ya kugawa jasho la mwingine.

Na mliokaa pamoja bila ndoa kwa miaka 2 au zaidi, mkajulikana mtaani kama mume na mke, kifungu cha 160 kinaleta dhana ya ndoa. Mahakama inaweza kuwasikiliza kuhusu mali pia.

Kijijini, bani na shamba

Kaliua, Urambo, Sikonge na Uyui nyumba haitenganishwi na shamba. Kuna mabani ya kukaushia tumbaku, ng'ombe na plau, mizinga ya nyuki iliyotundikwa porini, na kuna tumbaku yenyewe: imelimwa na watu wawili na watoto, imeandikishwa chama cha msingi kwa jina la mume, na malipo yanaingia akaunti yake. Mavuno ya ndani ya ndoa ni jasho la pamoja hata pesa zikiingia baada ya mke kufukuzwa. Taja msimu, idadi ya mabani na chama mnachouzia, na uombe mahakama iitishe kumbukumbu za mauzo.

Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inasema mila inayomnyima mwanamke kumiliki, kukalia au kutumia ardhi ni batili. Mzee akikwambia kwa desturi ya Kinyamwezi mke hana ardhi, mjibu kwa upole kwamba desturi inasikilizwa ila haiwezi kuishinda sheria. Mahari nayo ililipiwa ndoa. Haikuwa bei ya shamba wala ya nyumba. Na ukirudi kijijini ulikozaliwa baada ya talaka, una nafasi kisheria ya kuomba ardhi kwa halmashauri ya kijiji hicho ulichokuwa mwanakijiji wake kabla ya kuolewa. Ombi liwe la maandishi. Mnaoomba sasa Hati ya Hakimiliki ya Kimila mkiwa bado pamoja, andikeni majina yote mawili.

Hukumu ikishatoka

Usiyeridhika una siku 45 za kukata rufaa. Zihesabu kuanzia siku ya uamuzi, na omba nakala siku hiyohiyo. Rufaa peke yake haizuii utekelezaji; anayetaka usimame aombe.

Aliyeshinda naye asijichukulie nyumba kwa nguvu. Kubadilisha kitasa usiku, kung'oa bati, kuita vijana wa kijiweni, hayo yamewapeleka washindi polisi. Omba kukazia hukumu mahakama ileile iliyoamua. Mahakama hutoa amri, na anayetoa mtu ndani ni dalali wa mahakama mwenye karatasi mkononi. Akija kwako bila karatasi, usifungue.

Nyumba ikiwa yako, nenda na nakala ya hukumu iliyothibitishwa ofisi ya ardhi jina libadilishwe, kisha serikali ya mtaa waiweke kwenye faili lao, kisha mamlaka ya maji bili ije kwa jina lako. Waite wapangaji wote siku moja, wasomee amri, wape namba ya simu ya kulipia kodi, na kila mmoja asaini kwenye daftari.